Kisiwa tulivu cha mbizi ya ufukweni: utulivu upi hasa?

Shemeji yangu anaishi Rotterdam. Alijifunza kupiga mbizi kwa mtungi ukubwani, akapata kadi ya kuthibitisha amehitimu, na tangu hapo kila likizo ikikaribia simu yangu inalia. Safari hii alikuja na ombi ambalo nimelisikia pia kwa watu wa Dar, wa Mombasa na wa Muscat: "Shemeji, nitajie kisiwa kimoja kilichotulia. Sitaki msongamano wa watalii, sitaki kupangiwa saa ya boti. Nataka nikodi gari, nipakie mitungi, tuingie baharini wenyewe mimi na mwenzangu. Au nije tu Pemba? Si ndiko kulikotulia?"

Jibu lake si la neno moja, kwa sababu neno "kutulia" alilolitumia limebeba mambo matatu yaliyofungwa kwenye kanga moja. Kuna utulivu wa watu: hoteli chache, barabara tupu. Kuna utulivu wa maji: mawimbi, mkondo, kupwa na kujaa. Na kuna uhuru wa kuzama bila kuongozwa na mtu, ambao unategemea sheria za mahali. Kisiwa kinaweza kuwa na la kwanza kikakosa hayo mawili mengine. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanatafuta kisiwa chenye watu wachache, wanalipa nauli, wanafika, kisha wanaambiwa huku hakuna anayezama bila boti na kiongozi.

Tuanze na maneno yenyewe. Kwetu kupiga mbizi ni jambo la kale. Wavuvi wa pweza na wa kamba wamekuwa wakishuka kwa pumzi zao tangu enzi za mababu. Mbizi ninayoizungumzia hapa ni ya skuba, ya kubeba mtungi mgongoni na kupumua chini ya maji. Nawaita wafanyao hivyo wapiga mbizi na si wazamiaji, maana mzamiaji katika lugha ya mitaani ni yule anayejificha melini aende Ulaya. Mbizi ya ufukweni ni ile unayoianza kwa miguu yako kutoka nchi kavu na kuimaliza kwa miguu yako, bila chombo. Mbizi ya kujitegemea ni ile isiyo na kiongozi wa kulipwa: mnapanga wenyewe kina, muda na njia ya kurudi.

Kujitegemea hakumaanishi kwenda peke yako. Unazama na mwenza, na mwenza huyo ndiye mtungi wako wa akiba, kwa sababu kifaa cha kila mmoja kina mdomo wa pili wa kupumulia ambao ni wa kumpa mwenzake akiishiwa.

Jambo jingine linalostahili kunyooshwa ni kile kilichomo mtungini. Magazeti yetu huandika "mitungi ya oksijeni" kila inapotokea ajali baharini. Kilichomo ni hewa, hii hii unayoivuta sasa hivi, iliyoshindiliwa: oksijeni asilimia 21, na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Oksijeni tupu ikivutwa chini ya mita chache tu inageuka sumu na kumtia mtu kifafa. Upo mchanganyiko uitwao naitroksi, ambao mara nyingi huwa na oksijeni asilimia 32, na wengi hudhani unawapa ruhusa ya kwenda chini zaidi. Ni kinyume chake: kina chake ni kifupi kuliko cha hewa ya kawaida. Faida yake ni kwamba mwili unakusanya naitrojeni pungufu kuliko ukivuta hewa ya kawaida.

Sasa hesabu kidogo, na naomba usiiruke, kwa sababu ndiyo inayoamua kisiwa gani kinafaa.

Mtungi wa kawaida wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu akiwa juu ya maji anavuta kama lita 20 kwa dakika. Kila mita 10 unazoshuka, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo kwenye mita 10 kila pumzi inakula mara mbili ya ile ya juu, lita 40 kwa dakika, na kwenye mita 30 inakula mara nne, lita 80. Mtungi ule ule unaotosha saa nzima kwenye mita 10 unatosha nusu saa kwenye mita 30. Na hutakiwi kuumaliza. Toa bar 50 za akiba, yaani lita 600, ubaki na dakika 45 kule mita 10.

Mpiga mbizi mwenye mtungi, akipiga mapezi bila haraka, anakwenda kama mita 15 kwa dakika. Kilomita moja ni zaidi ya saa. Kwa hiyo mwamba ukiwa kilomita moja kutoka mchangani, mtungi wako unaisha hujaliona hata tumbawe moja, na bado hujarudi. Boti inakudondosha juu ya mwamba. Anayetoka ufukweni analipia umbali kwa mapafu yake, kwenda na kurudi.

Swali la kwanza kuhusu kisiwa chochote, basi, ni hili: kina kiko umbali gani kutoka mchangani? Idadi ya hoteli inafuata baadaye.

Chukua pwani ya mashariki ya Unguja, Paje au Jambiani. Maji yakipwa siku za bamvua, bahari inakimbia mpaka unaona mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mbali kabisa, sehemu nyingine zaidi ya kilomita moja. Huko ndiko ulipo mwamba unaozuia bahari kuu. Katikati ni wangwa wa maji mafupi, mashamba ya mwani na kinamama wanaorudi na magunia yao. Kina chote kiko ng'ambo ya mwamba ule.

Mtu anaweza kusema, basi nitatembea mpaka mwambani maji yakipwa, nizame hapo. Sawa, utafika. Lakini wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji katika eneo la Zanzibar inafikia kama mita 4, na inatokea ndani ya saa sita hivi. Urefu huo unapita wa chumba cha kawaida cha ghorofa. Ulipopita kwa miguu, saa chache baadaye panakufika shingoni. Na maji yote hayo yanayoingia na kutoka kwenye wangwa yanapita kwenye nafasi chache za mwamba, zile wavuvi wanazoziita milango. Fikiria ukumbi wa harusi uliojaa, wenye mlango mmoja, na watu wote wameamua kutoka kwa pamoja. Mkondo wa mlangoni uko hivyo. Mpiga mbizi hashindani nao. Ukimchukua unampeleka unakotaka wenyewe, na kama ni maji ya kutoka, unampeleka bahari kuu.

Pemba nayo ina sura yake. Kati ya kisiwa na bara kuna mfereji wenye kina cha mamia ya mita, na kuta za matumbawe upande wa magharibi, kuzunguka Misali na kwenye milango ya Fundo na Njao, ni miongoni mwa sehemu nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona kwa macho yangu. Lakini ufukweni unakutana na mikoko, majabali ya mawe ya matumbawe au vighuba vya maji mafupi, na ukishavuka hapo unakutana na ule mkondo. Wapiga mbizi wa Pemba hutumia boti kwa sababu hiyo, na nahodha wake anakuwa mtu anayejua saa ya maji kusimama, ile nusu saa au zaidi kidogo kati ya kujaa na kupwa ambapo bahari inapumzika. Mimi hupenda zaidi siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kwa kuwa mkondo hupungua nguvu.

Sasa weka hayo kando ya Bonaire.

Bonaire ni kisiwa kidogo cha Karibi, kilomita za mraba 288, kaskazini mwa pwani ya Venezuela. Tangu tarehe 10 Oktoba 2010 ni manispaa maalumu ya Uholanzi. Kipwa na kijao chake hakivuki nusu mita. Bahari ya Karibi imezungukwa na mlolongo wa visiwa na nchi kavu, na maji yake hayapandi na kushuka kama yanavyofanya Bahari ya Hindi kwetu. Unaweza kuegesha gari asubuhi na kurudi jioni, ukalikuta jiwe ulilokanyaga bado liko palepale ukingoni mwa maji.

Halafu kuna umbo la mwamba wenyewe. Fikiria nyumba ya Kiswahili yenye baraza mbele. Unatoka mlangoni, unavuka baraza kwa hatua chache, kisha ngazi zinashuka barabarani. Upande wa magharibi wa Bonaire umejengwa hivyo chini ya maji. Unaingia, unavuka baraza la mchanga na matumbawe madogo, mara nyingi kwa dakika chache tu za kuogelea, na kwenye kina cha mita 10 hivi unafika ukingoni. Kuanzia hapo mwamba unateremka kama paa la nyumba hadi mita 30 na zaidi. Hesabu yetu ya hewa inakubali: mtungi karibu wote unautumia mwambani.

Jambo la tatu ni upepo. Huko upepo wa biashara unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Upande wa mashariki unapigwa mawimbi bila kukoma, na upande wa magharibi unakuwa umekingwa, ule ambao mabaharia wetu huuita upande wa demani. Kwetu kaskazi ikiisha inakuja kusi, na upande uliokuwa shwari Januari unachafuka Julai. Anayekwenda Bonaire hana haja ya kujua kalenda ya namna hiyo, ingawa mara chache upepo hugeuka, hasa miezi ya Septemba na Oktoba, na dhoruba zinazopita mbali husukuma mawimbi kutoka magharibi. Mwaka 1999 kimbunga Lenny kilifanya hivyo na kuvunja matumbawe mengi ya maji mafupi.

Hayo ni maumbile. Kilichobaki kimefanywa na watu, nami nakiheshimu kwa dhati. Mwaka 1971 kisiwa kilipiga marufuku uvuvi wa bunduki za mshale. Mwaka 1979 kikaanzisha hifadhi ya bahari inayozunguka kisiwa chote, ambayo leo inasimamiwa na shirika liitwalo STINAPA. Kutia nanga mwambani ni marufuku, na hata kuvaa glavu unapozama hakuruhusiwi, kwa sababu anayevaa glavu hushika kila kitu. Kando ya barabara ya pwani yamewekwa mawe yaliyopakwa rangi ya njano, kila moja na jina la eneo la mbizi. Unaendesha, unaona jiwe, unaegesha. Zaidi ya maeneo 50 yanafikika kwa njia hiyo. Vituo vya mitungi vinapitika kwa gari kama tunavyopitia kituo cha mafuta: unaacha mitungi mitupu, unapakia iliyojaa, unaondoka.

Hata hivyo, uhuru huo una lango. Unaonyesha kadi yako ya mafunzo, unalipa ada ya hifadhi ya dola 40 za Marekani kwa mwaka, na mbizi ya kwanza unaifanya pale kituoni ili ujaribu vizito unavyovaa vya kukuzamisha na uelezwe kanuni. Mbali na hiyo kuna kodi ya kuingia kisiwani, dola 75 kwa mgeni mtu mzima. Wanaosema mbizi ya ufukweni ni ya bure kwa kuwa hakuna boti hawajaweka gari, mitungi na ada hizi kwenye hesabu. Nafuu inaonekana kwa mtu atakayezama mara mbili au tatu kwa siku kwa wiki nzima. Anayetaka mbizi nne tu safari nzima, boti inaweza kumgharimu pungufu ya hapo.

Shemeji aliponisikiliza mpaka hapo akaniuliza swali la maana sana: "Sasa kama Bonaire kila mtu anaijua, si itakuwa imejaa? Kwani hakuna kisiwa jirani kilichotulia zaidi?"

Vipo, na ndivyo vinavyoonyesha fundo hili limefungwaje. Kisiwa kiitwacho Saba na kile cha Sint Eustatius ni manispaa maalumu za Uholanzi kama Bonaire, upande wa kaskazini zaidi. Saba ina watu kama 2,000, mlima wa volkano uliosimama wima kutoka baharini, na hifadhi ya bahari tangu 1987. Kwa utulivu wa watu, Bonaire haifui dafu. Lakini Saba mbizi zinafanywa na kampuni za kisiwani kwa boti, na pwani yake ni majabali. Sint Eustatius nako unatakiwa kuzama kupitia kituo cha kisiwani. Sheria hizo zina sababu: kisiwa chenye watu wachache kina waokoaji wachache, na mwamba mdogo unachoka haraka. Mtu anayetaka ukimya na yuko tayari kuongozwa, Saba ni pahali pake. Shemeji yangu anataka kuendesha gari na kuchagua jiwe. Kwake Saba ingekuwa majuto.

Curaçao, jirani wa karibu, ina watu kama 150,000, na mji mkuu wake Willemstad una shughuli nyingi. Ukiusikia hivyo unaukimbia. Lakini ukielekea magharibi kabisa, Westpunt na Playa Lagún, unakuta vighuba vidogo kati ya majabali, wavuvi na nyumba chache, na mwamba unaofikika kwa miguu. Mtu akichagua kijiji badala ya kisiwa, Curaçao inampa utulivu. Ndivyo ilivyo hata Bonaire: mji wa Kralendijk hupokea meli kubwa za watalii, zaidi miezi ya Novemba hadi Aprili, na siku hizo mjini kunajaa. Abiria wa meli hizo hawazami saa kumi na mbili asubuhi kule kusini karibu na mashamba ya chumvi. Ratiba za meli hutangazwa mapema. Zitazame kabla ya kukata tiketi.

Kwa mtu aliyeko Ulaya nina pendekezo jingine ambalo wengi hawalifikirii: Gozo, kisiwa kidogo cha Malta, dakika 25 kwa feri kutoka Ċirkewwa. Bahari ya Kati nayo kipwa chake ni kidogo sana. Kuna shimo la Dwejra ambalo unashuka ndani yake kama kisima kisha unatoka kupitia tao chini ya maji kwenda bahari ya wazi. Lile tao kubwa la mawe lililokuwa kando yake na kujulikana duniani lilianguka tarehe 8 Machi 2017, na vipande vyake sasa ni sehemu ya mandhari ya chini. Gozo unachagua upande wa kuzama kila asubuhi kwa kutazama upepo: ukivuma kutoka kaskazini unakwenda kusini. Lakini vituo vingi vitataka kadi ya ngazi ya pili kabla ya kukuachia uzame bila kiongozi, unaingilia kwenye mawe na si mchangani, na maji ya Februari yana nyuzi 15 au 16 tu. Aliyezoea bahari yetu ya nyuzi 25 na zaidi atatetemeka.

Na viza. Bonaire iko ndani ya Ufalme wa Uholanzi lakini nje ya eneo la Schengen, lile la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Malta iko ndani. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya aulize ubalozi unaohusika kuhusu safari yake yeye, kwa karatasi zake yeye, kabla ya kulipia chochote.

Lipo suala ambalo watu hawapendi kuliuliza, nami nalitanguliza kila ninapoulizwa: ukiumia, nini kitatokea?

Naitrojeni unayoivuta chini inayeyuka mwilini. Fungua chupa ya soda taratibu, gesi inatoka bila fujo. Ifungue kwa ghafla, inafoka. Mwili wa mpiga mbizi ni chupa hiyo, na anayepanda juu kwa haraka anaweza kupata mapovu kwenye viungo, uti wa mgongo au ubongo. Ndiyo maana tunapanda si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na kusimama dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutoka. Tiba ya mapovu hayo ni chumba maalumu cha mgandamizo ambapo mgonjwa anapumua oksijeni. Bonaire kipo, mjini Kralendijk. Malta wanacho hospitali ya Mater Dei. Kisiwa kisichokuwa nacho kinamaanisha ndege, na ndege yenyewe, kwa kuwa inapanda juu, inaweza kumzidishia mgonjwa madhara isiporushwa chini sana au kuwekewa mgandamizo wa usawa wa bahari. Kabla ya kusifu ukimya wa kisiwa, uliza chumba kiko wapi, na saa ngapi mpaka ukifikie. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi mbizi; ipo ya wapiga mbizi, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ndege ya kukodi.

Hapo pia ndipo linapoanguka wazo kwamba ufukweni ni kwa wanaoanza kwa sababu ni karibu. Kwenye boti kuna nahodha anayetazama mapovu yako na oksijeni ya huduma ya kwanza. Ukitoka ufukweni, wa kukutazama ni gari lako lililoegeshwa. Kuingia na kutoka kwenye mawe yenye utelezi, ukiwa na kilo zaidi ya 20 mgongoni, ndiko kunakovunja watu vifundo vya miguu. Kwa hiyo vaa viatu vigumu vya maji. Tembea kwa kuburuza miguu. Anzeni mbizi kwa kwenda kinyume cha mkondo ili urudi ukisaidiwa nao, na geukeni mkishatumia theluthi ya hewa. Beba kile chelezo chembamba cha rangi ya chungwa unachokipuliza ukiwa chini ili walioko juu wakuone.

Mwaka 2023 ugonjwa unaoua matumbawe magumu, ambao ulikwisha kuharibu miamba ya Florida na sehemu kubwa ya Karibi, ulifika Bonaire. Tumbawe lililochukua karne kukua linaweza kufa ndani ya miezi. Hifadhi ilifunga baadhi ya maeneo kwa muda, na wapiga mbizi wakaombwa kusafisha vifaa kwa dawa kati ya eneo moja na jingine. Nimemwambia shemeji asione usumbufu. Uhuru wa kuchagua jiwe lolote barabarani maana yake ni kwamba wewe ndiye unayeweza kuubeba ugonjwa kutoka jiwe hili hadi lile.

Kuhusu Pemba nilimjibu hivi: njoo, lakini njoo ukijua kwamba boti ndiyo njia. Mkiwa wanne na nahodha mmoja kwenye ukuta wa Misali, hamna chombo kingine mpaka upeo wa macho, mnapata ukimya ambao Bonaire haina. Mafia ni hivyo hivyo. Hifadhi yake ya bahari, iliyoanzishwa 1995, ni miongoni mwa za kwanza Tanzania, na kati ya Oktoba na Februari papa potwe huja karibu na Kilindoni, unaogelea nao kwa miwani na mapezi tu, bila mtungi. Ni visiwa vinavyotaka mtu anayekubali kupangiwa saa na mwezi.

Shemeji amechagua Bonaire, mwishoni mwa Septemba, siku tisa, na nyumba ya kupanga upande wa kusini. Nimemwandikia maagizo mafupi. Ukiegesha kwenye jiwe la njano, usiache kitu garini, hata taulo zuri, na acha vioo wazi ili wezi waone hakuna cha kuvunjia. Ile meli ya Hilma Hooker, iliyozama 1984 na kulala ubavu kwenye mita 30, muiache mpaka siku ya nne au ya tano, mkishazoeana mwendo na mwenzako. Siku ya mwisho msizame. Kati ya mbizi yako ya mwisho na ndege zipite saa 18 au zaidi, naitrojeni itoke. Siku hiyo washeni gari muende kaskazini, ziwa la Gotomeer, mkawatazame heroe. Wa huko wameiva rangi kuliko wetu wa Natron, karibu wekundu.